Mbwa wa Tana Wachanjwe Kwanza

Barua ya wazi kwa Serikali ya Kaunti ya Tana River: kwa idara ya mifugo na afya ya wanyama, Hola, kwa maafisa wa mifugo wa Tana Delta, Garsen, na kwa waheshimiwa wawakilishi wa wadi.



Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeipa kila kaunti kazi ambayo wananchi wengi hawajui kama imo humo. Baada ya kilimo, afya na barabara, limetaja udhibiti na ustawi wa wanyama, na jambo la kwanza chini ya kichwa hicho ni leseni za mbwa. Ng'ombe, mbuzi na ngamia wana mahali pao pengine katika jedwali hilohilo. Hapa ametajwa mbwa kwa jina lake. Kwa hiyo anayeandika juu ya mbwa na kuielekeza barua yake Hola hajabisha mlango usiohusika.

Kilicholeta barua hii ni mtindo unaopita kwenye simu. Vijana wa Garsen, Minjila na Tarasaa wanaona matangazo yaleyale wanayoyaona wenzao wa Malindi na Mombasa: watoto wa mbwa wenye manyoya ya kujikunja na majina mageni, Maltipoo, Cockapoo, Goldendoodle, Labradoodle. Hao ni chotara wa makusudi. Mtu amechukua mbwa wa mbegu mbili za kigeni, akawapandisha ili apate mtoto mwenye sura ya kupendeza na tabia ya upole wa kuishi sebuleni na watoto. Jijini Nairobi mtoto mmoja wa mbwa wa namna hiyo huuzwa makumi ya maelfu ya shilingi, fedha ambazo katika soko la mifugo la Garsen mtu hununulia mbuzi kadhaa.

Mtindo wenyewe haujajaa Tana River. Kilichotangulia kufika ni fikra yake, kwamba mnyama wa maana ni yule aliyeletwa kutoka mbali, na kwamba mbwa aliyezaliwa pembeni mwa boma au shamba ni wa kufukuzwa kwa mawe. Fikra hiyo ikiingia katika ofisi inayotunga sheria na kugawa bajeti, madhara yake yatawafikia watu ambao hawatanunua Labradoodle maisha yao yote.

Ombi la barua hii ni moja, na mengine yanalifuata. Mbwa wa kienyeji waliopo katika kaunti, wasio na cheti wala jina la mbegu, wahesabiwe, wachanjwe kila mwaka dhidi ya kichaa cha mbwa, na wapewe ile leseni iliyotajwa na Katiba.

Inafaa kwanza kueleza chotara hawa walitoka wapi, kwa sababu historia yao ina somo linaloigusa Garsen moja kwa moja. Mwaka 1989 Wally Conron alikuwa msimamizi wa uzalishaji katika shirika la mbwa wanaoongoza vipofu huko Victoria, Australia. Aliletewa ombi la mwanamke asiyeona, mkazi wa Hawaii, aliyehitaji mbwa wa kumwongoza, ilhali mume wake alikuwa akidhurika na manyoya ya mbwa. Conron alijaribu mbwa wengi aina ya Poodle, hakuna aliyefaa kazi hiyo. Ndipo akampandisha Labrador na Poodle. Wakazaliwa watoto watatu. Manyoya na mate yao yakapelekwa Hawaii kupimwa, na kati ya hao watatu ni mmoja tu, aliyeitwa Sultan, ambaye hakumdhuru yule mume.

Wawili waliobaki hawakupata wa kuwachukua, mpaka shirika lilipowatangaza kwa jina jipya la Labradoodle. Hapo simu zikaanza kulia. Jina likauza kile ambacho mbwa wenyewe walikuwa wameshindwa kukiuza. Mwaka 2019 Conron, akiwa mzee, alihojiwa na redio ya taifa ya Australia akasema anajuta kwa alichokianzisha, kwa kuwa wazalishaji wengi waliomfuata walichanganya mbwa ovyo bila kuchunguza afya ya wazazi.

Sultan alizaliwa kwa ajili ya kazi moja, katika nyumba moja. Waliokuja baada yake walinunuliwa kwa sura. Kufikia Januari 2009, Barack Obama, ambaye ukoo wa baba yake uko Siaya, alipokuwa akiwatafutia binti zake mbwa wa kuingia naye Ikulu ya Marekani, Labradoodle alikuwa mmoja wa wawili waliobaki katika orodha, na habari hiyo ikazunguka dunia nzima. Hatimaye familia ilichukua aina nyingine, lakini tangazo lilikwisha kufanyika. Huko Uingereza, wakati watu walipofungiwa majumbani kwa ajili ya korona mwaka 2020, watafiti waligundua kwamba zaidi ya robo ya watoto wa mbwa walionunuliwa kipindi hicho walikuwa chotara wa aina hii.

Wanunuzi huambiwa mambo mawili: kwamba chotara ana afya kuliko wazazi wake, na kwamba manyoya yake hayamdhuru mwenye mzio. Yote mawili yamepimwa. Chuo cha Royal Veterinary College cha London kilichapisha mwaka 2024 utafiti uliohusu mbwa zaidi ya 9,000, ukiwalinganisha Cockapoo, Labradoodle na Cavapoo na mbegu za wazazi wao katika magonjwa 57 ya kawaida. Katika asilimia 86.6 ya ulinganisho huo hapakuwa na tofauti yoyote. Kuhusu mzio, watafiti wa Detroit, Marekani, walichapisha mwaka 2011 vipimo vya vumbi la nyumba 173 zenye mbwa, na nyumba za mbwa wanaosifiwa kuwa hawadhuru zilikutwa na kiasi kilekile cha chembe zinazoleta mzio kama nyumba nyingine. Anayempenda mbwa huyo kwa sura yake ana haki yake, na mbwa mwenyewe hana kosa. Ila anayemnunua kwa kuamini hayo mawili amelipia maneno.

Na hapo bado tunazungumzia Uingereza, nchi ya baridi yenye daktari wa mifugo karibu na kila mtaa. Mbwa huyohuyo ashushwe Garsen, mahali ambapo joto hupita nyuzi 30 sehemu kubwa ya mwaka. Manyoya aliyoyarithi kwa Poodle hayapukutiki. Yanaendelea kukua na kusokotana, yasipokatwa kila baada ya wiki chache yanashikana mabonge, na chini ya mabonge hayo kupe hutulia bila kuonekana. Kupe wa mbwa hubeba vijidudu vinavyoua kwa homa na upungufu wa damu. Upande wa vichaka vya delta kuna mbung'o. Mbwa wa asili ya Ulaya akipata ugonjwa unaoenezwa na mbung'o huvimba uso, macho huingia ukungu wa rangi ya maziwa, hukonda, na asipotibiwa mapema hufa ndani ya wiki chache. Mbwa wa kienyeji katika nchi za mbung'o huambukizwa pia, lakini wengi wao huendelea na kazi zao.

Jambo hili idara inalijua kwa upande wa ng'ombe kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu ushahidi wake ulikusanywa katika ukanda huuhuu. Kuanzia miaka ya 1980, wataalamu wa KETRI, taasisi ya Muguga iliyokuwa ikichunguza magonjwa ya mbung'o, walifanya majaribio ya miaka mingi katika ranchi ya Galana. Walichukua ng'ombe wa wafugaji Waorma kutoka Tana River wakawachunga pamoja na ng'ombe aina ya Boran wa ranchi yenyewe, wale waliokuwa wameboreshwa kwa kuchaguliwa vizazi kwa vizazi wawe na mwili mkubwa na nyama nyingi. Malisho yalikuwa mamoja, na mbung'o walewale. Ng'ombe wa Waorma waliambukizwa mara chache zaidi. Walipoambukizwa, damu yao haikupungua kwa kasi ileile. Waliponyimwa dawa ili ionekane nani atastahimili, waliokufa wengi walikuwa wale walioboreshwa.

Makundi yote mawili ni Boran. Ukoo wao ni mmoja, na tofauti imetokana na mahali walipolelewa. Ng'ombe wa Waorma wamezaliwa na kufa kando ya Tana kwa karne nyingi, na aliyeshindwa na mbung'o hakuacha ndama. Hakuna maabara iliyopanga jambo hilo. Lilipangwa na mchungaji aliyejua dume lipi alipandishe na lipi alipeleke sokoni. Elimu yenyewe ipo mpaka leo katika vijiji kama Danissa na Oda: mzee wa Kiorma humtofautisha ng'ombe mwenye gandi, aina ya ugonjwa wa mbung'o inayomkondesha polepole mpaka mbavu zikahesabika, na mwenye buku, ile inayomtoa damu na kumwangusha haraka. Madaktari waliokwenda kuwauliza wafugaji mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha wakapima wanyama wenyewe, walikuta maelezo hayo yanaoana na vipimo vyao.

Sasa mbwa. Watu wengi, pamoja na baadhi ya wasomi, hudhani mbwa wa kijijini ni mabaki ya mbwa waliotelekezwa na Wazungu, chotara wa chotara ambaye mbegu yake imepotea. Mwaka 2009 kundi la wanasayansi lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbwa 318 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Mbwa wa Uganda, pamoja na wengi wa sehemu nyingine, walionekana kuwa na asili yao wenyewe ya Kiafrika, tofauti na mbegu za Ulaya, na wenye vinasaba vya aina nyingi. Rhodesian Ridgeback, anayeuzwa kwa sifa ya kuwa mbwa wa Afrika, ndiye aliyeangukia upande wa mbwa wa kigeni. Yule anayeitwa mbwa koko ana ukoo mrefu kuliko mwenye cheti.

Anayetaka kuujua ukoo huo kwa kazi yake, aende mashamba ya Wapokomo kuanzia Idsowe mpaka Ngao wakati mahindi yanapokomaa. Mlinzi hupanda dungu magharibi, na debe la kupiga na tochi. Mbwa hulala chini, mwenye rangi ya udongo, masikio yamesimama, mbavu zikionekana. Usiku wa manane mlinzi husinzia. Mbwa husikia kiboko akitoka mtoni kabla majani hayajatikisika, na hubweka mbweko mfupi, wa mfululizo, tofauti na ule wa kumbwekea mpita njia. Mlinzi akiisikia sauti hiyo huamka akiwa na debe mkononi tayari. Mchana ni zamu ya nyani na nguruwe pori, na hapo mbwa hukimbia kweli. Wengine wana makovu ya meno ya nyani shingoni. Katika kambi za malisho kazi inageuka, ikawa kumzuia fisi. Familia inayokula gunia la mahindi lililookolewa na mbwa huyo haijawahi kuulizwa na ofisi yoyote kama amechanjwa.

Kuna wanaosema kaunti yenye Waislamu wengi haiwezi kujishughulisha na mbwa. Hoja hiyo inastahili jibu la heshima. Waislamu wa pwani hii ni wa madhehebu ya Shafi, na hukumu ya mate ya mbwa inajulikana na kila mtoto wa chuoni: chombo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini fiqhi hiyohiyo imemruhusu mtu kufuga mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda mazao, na ndizo kazi zenyewe za mbwa wa Tana. Kumtesa mnyama kwa njaa au kwa mawe hakukuruhusiwa kwa yeyote. Chanjo hudungwa na mhudumu mwenye glavu, mwenye mbwa akishika kamba. Maimamu wakielezwa mapema wanaweza kuwa wa kwanza kulitangaza zoezi hilo baada ya swala ya Ijumaa, na wachungaji wa makanisa ya Ngao na vijiji jirani wakafanya vivyo hivyo Jumapili.

Kwa nini chanjo iwe kabla ya jambo lingine lolote? Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyepatikana viungani mwa Nairobi, na mpaka leo hakijaondoka. Makadirio yanayotumiwa na serikali ni kwamba watu wafikao 2,000 hufa kila mwaka nchini. Duniani, wagonjwa 99 kati ya 100 wameambukizwa na mbwa, na sehemu kubwa yao ni watoto. Dalili zikishaanza, hakuna dawa. Mtoto huogopa maji huku ana kiu, hukakamaa koo akijaribu kumeza, na wazazi humtazama akiwa na fahamu zake. Waliowahi kuona hawasahau.

Mwaka 2014 taifa lilianzisha mkakati wa kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030. Kaunti za mfano zilikuwa Machakos, Kitui, Makueni, Siaya na Kisumu. Tana River haikuwamo, na 2030 inakaribia. Hesabu ya mkakati inaeleweka: asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa kila mwaka, miaka mfululizo, ugonjwa hukosa pa kupita na huzimika. Asilimia 30 ya mbwa haitoshi, hata kama picha za uzinduzi zilipendeza.

Mfano wa kufuata uko pwani hiihii ya Waswahili. Pemba ni kisiwa cha Waislamu, chenye mbwa wachache wa mashambani na wa wawindaji, na kilikuwa na kichaa cha mbwa kwa miaka. Kampeni za kila mwaka za chanjo zilianza, zikapanuka kijiji kwa kijiji, na mwaka 2014 ugonjwa ukatoweka. Chanjo ikalegea. Mwaka 2016 ugonjwa ukarudi kwa mbwa waliotoka nje ya kisiwa, watu wakaumwa tena, na kampeni zikarudishwa upya. Oktoba 2018 ugonjwa ulikuwa umezimwa kwa mara ya pili. Watafiti walifuatilia mbwa mmoja mmoja, nani kamng'ata nani, na kupima vinasaba vya virusi, kwa hiyo habari hii haina kubahatisha. Pemba imethibitisha kwamba inawezekana, na pia kwamba kuachia katikati kunarudisha kila kitu nyuma.

Itasemwa kwamba Tana River si kisiwa, kwamba ni kaunti kubwa, yenye barabara zinazokatika na vituo visivyo na jokofu. Jibu lake limepatikana Tanzania. Chanjo ya kichaa inayotumika sana kwa mbwa ilipimwa na matokeo yakachapishwa mwaka 2016: ilibaki na nguvu baada ya kukaa miezi sita katika nyuzi 25, na miezi mitatu katika nyuzi 30. Wataalamu wanaofanya kazi jirani na Serengeti wakatengeneza chombo cha kuihifadhi vijijini, kwa kutumia chungu cha udongo kinachopozwa na maji yanayovukiza, kama mtungi unavyopoza maji ya kunywa. Mhudumu wa mifugo wa kijijini hukaa na chanjo yake hapohapo, akachanja mbwa wanne leo na sita wiki ijayo, bila kusubiri gari la wilaya. Wafinyanzi na wahudumu wa mifugo wote wapo Tana River. Kinachotakiwa ni kibali, mafunzo na posho.

Njia ya mkato ya kuua mbwa ijulikane mapema kuwa haifiki. Miji mingi ya Kenya iliwahi kutega sumu kupunguza mbwa mitaani. Katika kisiwa cha Flores, Indonesia, kichaa kilipoingia mwaka 1997, mbwa waliuawa kwa mamia ya maelfu, na ugonjwa ukaendelea kwa miaka. Mbwa akiuawa, nafasi yake huzibwa haraka na watoto wapya wasio na kinga, na wenye mbwa huwahamisha wale wanaowapenda mpaka kijiji cha pili, pamoja na virusi vyao. Mbwa aliyechanjwa akibaki hai ndiye ukuta.

Mahali na wakati vichaguliwe na wanaoijua delta. Kiangazi, makundi yanaposhuka kwenye malka, yaani njia za mifugo kufikia mto, kutafuta maji na majani ya delta, mbwa wa wafugaji na mbwa wa wakulima hukutana sehemu moja, na huo ndio wakati wa kuwapata wengi kwa safari moja. Siku za soko la mifugo Garsen pia zinafaa, maana daktari anayechanja mbuzi asubuhi anaweza kuwa na sanduku la pili. Na kazi ifanyike kabla ya mvua. Mafuriko ya Novemba 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yalizitoa familia nyingi vijijini zikahamia kwenye miinuko, watu na wanyama wakabanana katika kambi. Mbwa asiyechanjwa katika kambi ya mahema yenye watoto wanaolala chini ni hatari ambayo kaunti inaweza kuiondoa mwezi mmoja kabla, kwa gharama ya sindano.

Idara ya afya nayo inaguswa. Aliyeng'atwa Ozi au Kipini anapaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kufika hospitali siku hiyohiyo kuanza dozi za chanjo ya binadamu, na kurudi tena na tena mpaka zikamilike. Kila safari ina nauli yake na siku ya kazi iliyopotea. Wazazi wakifika hospitali ya Ngao wakaambiwa dozi zimekwisha, wakaelekezwa Malindi, wengine hawafiki Malindi. Ombi ni kwamba dozi hizo ziwepo Ngao na Hola wakati wote, na kila aliyeng'atwa anayefika aripotiwe kwa afisa wa mifugo siku hiyohiyo ili mbwa aliyehusika atafutwe. Ofisi hizi mbili zikipigiana simu, mtoto wa pili hataumwa na mbwa yuleyule.

Kuhusu sheria: kaunti ya Nairobi ilitunga yake ya udhibiti na ustawi wa mbwa mwaka 2015, kwa mazingira ya jiji lenye mageti na mbwa wa ulinzi wa kukodi. Waheshimiwa wawakilishi wasiinakili. Kwa Tana River, cheti cha chanjo na kiwe ndiyo leseni, kitolewe bure, na mbwa afungwe utepe wa rangi ya mwaka shingoni ili aonekane kwa mbali. Ada ya leseni ikitangulia chanjo, mkulima wa Idsowe atamficha mbwa wake, na hesabu yote ya asilimia 70 itakuwa imeharibika. Ada itozwe anayefanya biashara. Yeyote atakayeuza watoto wa mbwa ndani ya kaunti, wawe chotara wa kigeni au wengine, kando ya barabara au kwa simu, alazimike kuonyesha kadi ya chanjo na afya ya wazazi, na asimwondoe mtoto kwa mama kabla ya wiki nane. Mnunuzi anayelipa makumi ya maelfu ana haki ya kuambiwa na afisa wa kaunti, kabla hajalipa, habari za joto, kupe na mbung'o.

Neno la mwisho ni la ng'ombe, kwa kuwa fikra ni ileile. Ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo, uliwamaliza ng'ombe wengi wa Tana River. Baada ya msiba kama huo huja mipango ya kuwapa wafugaji madume ya mbegu bora. Nia ni njema, na maziwa zaidi yanahitajika. Lakini kila dume geni linalopandishwa kwa mtamba wa Kiorma linapunguza kitu kilichothibitishwa Galana, na kikishachanganywa kote hakirudi. Idara itenge makundi ya ng'ombe wa Kiorma yasiyochanganywa, iwalipe wenyewe wanaoyatunza, na iwashirikishe wazee wa malisho katika kuchagua madume.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni Septemba 28 kila mwaka. Idara inaombwa itangaze, kabla ya siku hiyo kufika, idadi ya mbwa wa kila wadi, bajeti ya chanjo iliyopitishwa na Bunge la Kaunti, na orodha ya malka na masoko yatakayofikiwa, kuanzia Kipini mpaka Bura. Wananchi wa Garsen wataleta mbwa wao. Waelezwe tu ni siku gani.